Balozi wa Nchi na wa Nyumba Kumi

Mtaani kwetu wapo watu ambao mpaka leo hawajui kwamba jirani yangu aliwahi kuiwakilisha nchi ng'ambo. Walisikia anaitwa Balozi, wakadhani ni balozi wa nyumba kumi, yule anayepelekewa kesi za mbuzi na ugomvi wa ukuta. Kwa hiyo wiki ileile aliyohamia, kabla hatujamaliza kutundika mapazia, akaja mzee mmoja wa nyumba ya nyuma kumshtaki jirani yake. Mbuzi wa jirani alikuwa amekula mchicha.

Mimi nilikuwa juu ya stuli, nyundo mkononi. Nilisubiri Balozi amwelekeze mzee kwa balozi wa kweli wa mtaa, aliyekuwa akikaa karibu tu. Hakumwelekeza. Alisogeza boksi la vyombo, akamvutia mzee kiti, akasikiliza mashtaka mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mbuzi mwenyewe anasemaje?"

Mzee akafikiri. "Hajasema kitu."

"Basi hatuwezi kuamua kwa kusikia upande mmoja. Kamlete."

Mzee akatoka. Muda si mrefu alirudi na jirani yake, na mbuzi katikati yao, kila mmoja ameshika pembe. Walisimama sebuleni, katikati ya maboksi, mbele ya mwanamke mwenye miwani ya kamba aliyekuwa akimtazama mbuzi kwa makini kama anayesubiri jibu. Mbuzi akaanza kutafuna pazia nililokuwa nikilitundika. Mwenye mchicha alicheka kwanza, mwenye mbuzi akafuata, na walipoondoka walikuwa wakipanga kujenga uzio pamoja. Balozi wa kweli alinuna kidogo alipopata habari. Baadaye akawa anamletea kesi zile ngumu, zile za mashemeji.

Nimemfahamu kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Kwanza alikuwa mkuu wangu wa shule, kisha bosi wangu wizarani, mwisho jirani yangu. Katika nafasi zote hizo sikuwahi kumwita jina lake, na hapa sitaanza.

Shule yenyewe ilikuwa ya wasichana, upande wa Kongwa, mahali ambapo maji ni habari kubwa kuliko siasa. Nilipofika pale, mwalimu mpya na sanduku langu la bati, wasichana walikuwa wakichota maji ya nyumba za walimu kila asubuhi. Kipindi cha kwanza kilikuwa kikianza na nusu ya darasa, na hao waliokuwamo walikuwa wamelowa mabega na wanasinzia. Mkuu mpya alifika baada yangu kidogo. Katika kikao chake cha kwanza alisema kwamba kuanzia Jumatatu kila mwalimu angejitafutia maji yake. Mwalimu wa hesabu, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuhutubia uwanja, alisimama akasema kwamba hiyo ni mila ya shule na kwamba mke wake ana mgongo.

"Nakuelewa, mwalimu," akasema mkuu. "Nitalitafutia ufumbuzi."

Jumatatu, jua halijakaa sawa, tulimwona mkuu wa shule akipita uwanjani na ndoo kichwani, gauni lake la kazi limepigwa pasi, viatu mkononi. Akaenda mpaka nyumbani kwa mwalimu wa hesabu, akatua ndoo barazani, akamsalimu mke wake, akamuuliza hali ya mgongo. Jumanne vilevile. Jumatano wapishi wa shule na wake wa walimu wengine walikuwa wameshatoka nje kutazama. Mke wa mwalimu wa hesabu, ambaye mgongo wake ulikuwa mzima kabisa na hakuwahi kuulalamikia, alimwambia mumewe maneno ambayo sisi majirani tuliyasikia yote, kwa kuwa kuta zilikuwa nyembamba. Alhamisi mwalimu wa hesabu alichota maji yake mwenyewe, na kipindi cha kwanza kikawa na darasa zima.

Nilimuuliza kama hakuona aibu kubeba ndoo mbele ya wanafunzi.

"Aibu ilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nampelekea yeye."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akipigana. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kikaoni, na nimekaa naye vikao vya kutosha kuharibu nyonga. Alikuwa na maneno yake mawili ambayo wageni waliyachukulia kama adabu. La kwanza ni "Swali zuri, nalichukua." Maana yake ni kwamba swali lako analiweka mfukoni na hutaliona tena. La pili ni "Tumetofautiana vizuri." Ukiambiwa hilo, ujue ameshapata njia ya kukuzunguka na pengine yuko njiani.

Wakati wa mjadala wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua, kamati moja ilikaa hapa mjini kutwa nzima. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu. Mjumbe mmoja, mzee wa kuheshimika, alisimama akasema kwamba msichana wa namna hiyo akirudi darasani atawaambukiza wenzake. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Balozi, ambaye wakati huo bado hajawa balozi, aliomba nafasi.

"Mwenyekiti, nashukuru kwa angalizo la mzee wangu," akasema. "Naomba tu tumwite daktari kabla hatujaendelea. Kama ujauzito unaambukiza kwa kukaa dawati moja, humu ndani tumebanana sana, na mimi nimekaa karibu na mzee tangu asubuhi."

Ukumbi ulicheka, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akatoa leso. Lakini siku ile hatukushinda. Kura zilikwenda upande wa pili, na aliporudi ofisini alifunga mlango na hakutoka mpaka jioni. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu, na akaniomba chai yenye sukari nyingi. Kesho yake alianza upya, akimtembelea mjumbe mmoja mmoja, akila chakula chao na kuwauliza habari za binti zao. Ilichukua miaka. Siku ruhusa ilipotoka, alikuwa ameshaondoka wizarani, na waliopiga picha walikuwa wengine. Alisema picha zimetoka vizuri.

Kuhusu ng'ambo nasimulia nilivyosimuliwa na marehemu mumewe, mtu mpole aliyekuwa bwana mifugo kwa kazi na aliyependa ng'ombe kuliko mikutano. Kila walipofika kwenye hafla, wenyeji walikuwa wakimkimbilia yeye. Wanampa mkono, wanamwita Mheshimiwa, kisha wanamwelekeza mkewe kwenye meza ya wake wa mabalozi. Mara ya kwanza bwana mifugo alitaka kurekebisha. Mkewe alimbana kidole.

"Nyamaza," akamwambia kwa Kigogo. "Kaa ule. Ukiulizwa kitu, zungumzia chanjo."

Basi bwana mifugo alikaa meza kuu akaeleza chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe kwa watu wazito waliokuwa wakiinamisha vichwa kwa heshima, wakitafuta maana iliyofichika. Na mkewe, kwenye meza ya wake, alisikia yote: nani kagombana na nani, nchi gani ina fedha za kusomesha na haijui pa kuzipeleka, mheshimiwa gani husaini asubuhi na gani husaini baada ya chakula. Kesho yake aliingia kwenye kikao na kuketi kwenye kiti cha balozi, na wale wa meza kuu walikuwa wakitazamana. Nafasi za masomo alizowapatia wasichana wetu, walimu wa sayansi ambao wengine wanafundisha mpaka leo, nyingi zilianzia kwenye ile meza ya wake. Bwana mifugo naye aliandikiwa barua ya shukrani juu ya chanjo.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa akidanganya kwenye karata, waziwazi, na ukimshika anakuuliza kama una ushahidi. Daktari alimkataza sukari, naye akamkubalia kwa dhati, kisha akawa anakuja kwangu kunywa chai kwa kuwa, alisema, katazo lilitolewa nyumbani kwake. Hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Alihutubia nchi nzima juu ya wasichana wa kazi kupata nafasi ya kusoma, na wa kwake alimwandikisha masomo ya jioni, akamnunulia madaftari, akamsindikiza mpaka darasani. Baada ya hapo kila jioni alikuwa akisimama uani kwangu na kulalamika kwamba nyumba yake haina mtu wa kupika ugali.

"Si wewe uliyempeleka shule?" nilimwambia.

"Nilimpeleka asome. Sikujua masomo yanakuwa saa ya ugali."

Basi alikula kwangu, ugali na mlenda, akikosoa mlenda wangu, mpaka yule binti alipomaliza mtihani na kupata kazi kwenye ofisi moja ya serikali. Leo hii binti huyo ana gari. Hupita kumsalimu na huwa analetewa malalamiko yaleyale ya ugali.

Kesi niliyoipenda kuliko zote ni ya fundi cherehani wa mtaa wetu. Mumewe alifariki na kumwachia shamba la zabibu kule Hombolo. Arobaini haijaisha, mashemeji zake walianza kusema kwamba shamba ni la ukoo na yeye arudi kwao. Fundi alikuja kwa Balozi akilia, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Balozi alimwambia mambo mawili: kwamba mahakama ipo na haki anayo, na kwamba kabla ya mahakama wale mashemeji waalikwe chakula cha mchana.

Walikuja watatu, wamevaa makoti. Mkubwa wao alikaa na kusema moja kwa moja kwamba wamekuja kwa ajili ya shamba. Jikoni kuku alikuwa kwenye nazi, na Balozi alikuwa ameniagiza nisipakue mpaka aseme. Aliwahi kunieleza kwamba kwenye mazungumzo mtu aliyeshiba hukaza, na mwenye njaa hukasirika, lakini anayenusa chakula anakuwa na akili nzuri sana.

"Karibuni sana wanangu," akasema. "Tupitishe ajenda kwanza."

"Ajenda ni moja, Balozi. Shamba."

"Vizuri. Hiyo tuiweke namba nne."

Namba moja ilikuwa utambulisho, ingawa wote walikuwa wanafahamiana. Namba mbili, salamu za wasiokuwepo. Namba tatu, kila mmoja aseme neno moja zuri juu ya marehemu, maana hatuwezi kugawana mali ya mtu ambaye hatujamtaja kwa wema. Mkubwa alisema ndugu yake alikuwa mkweli. Wa pili alisema alikuwa hapendi deni. Wa tatu, kijana mwenye aibu, akasema anakumbuka miaka ile ya ukame, marehemu na mkewe walivyokuwa wakipanda miche ya zabibu, na shemeji yake, mjamzito, akibeba maji kutoka bwawani kumwagilia mche mmoja mmoja, yeye na kaka zake wakiwacheka kwamba pale hapawezi kuota kitu.

 Fundi alikuwa ameinama. Shemeji mkubwa alivua koti akalikunja mapajani, akalikunja tena.

"Namba nne?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nadhani tumeshaipita," akasema Balozi. "Mwalimu, pakua."

Walikula. Mkubwa aliomba jambo moja tu, waalikwe wakati wa mavuno, na fundi akakubali.

Walipoondoka, tulibaki watatu tukiosha vyombo. Fundi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na katika furaha ile akauliza bila nia yoyote mbaya, "Balozi, na wewe kwenu uligawiwa lipi?"

Balozi alikuwa akifuta sahani. Aliendelea kuifuta ilhali imeshakauka.

"Swali zuri," akasema. "Nalichukua."

Nilimtazama. Miaka yote ile ya hotuba juu ya urithi wa wanawake, nyingine nilimwandikia mwenyewe, na sikuwahi kumuuliza. Jioni ile tulicheza karata na hakudanganya hata mara moja. Alishindwa vibaya.

Mvua zilipita, mtama ukavunwa. Asubuhi moja alinipigia simu kuniuliza kama nina viatu vya kutembelea shambani na kama gari langu linaweza kufika mbele ya Kongwa. Alikuwa ameanza kutembelea fimbo wakati huo, na magoti yake alikuwa akiyaita wapinzani. Nilimpakia, tukaondoka. Cha ajabu, alikuwa tayari kabla yangu.

Njiani aliniambia bila kunitazama. Baba yake alifariki yeye akiwa ng'ambo. Kaka zake na mdogo wake wa kiume waligawana mashamba, wakamtumia salamu kwamba mazishi yamekwenda vizuri. Yeye akawajibu kwa kuwashukuru. Basi.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Wiki ile nilikuwa nahutubia mkutano juu ya haki ya wanawake kumiliki ardhi. Sikuwa na nafasi." Tulipovuka daraja akaendelea. "Nimezoea kukataliwa na wageni, Mwalimu. Nikitoka pale nakula na kulala vizuri. Kukataliwa na ndugu yangu sikujua kama nitaweza."

Kaka zake walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Aliyebaki alikuwa huyo mdogo, mzee tayari, mrefu, na shuka begani, ameketi nje ya nyumba yake akitengeneza mpini wa jembe. Aliposimama nikaona uso uleule wa Balozi, ila na ndevu. "Mbukwa," wakasalimiana, kisha akaongeza shikamoo, na dada yake akaipokea kwa ukamilifu.

Tuliketi. Balozi alikohoa kidogo akasema amekuja kuzungumza, na kwamba ingefaa waanze na salamu.

"Ni kweli," akasema mdogo wake. Akaanza na salamu za ng'ombe. Alimtaja ng'ombe mmoja baada ya mwingine, mama yake nani, ugonjwa gani alipona, tabia zake. Balozi alisubiri. Walipomalizika ng'ombe, akaingia kwenye mbuzi.

Balozi akaniashiria nipeleke jikoni nyama tuliyokuja nayo. Muda si muda ikaanza kunukia.

"Mimi nimeshakula," akasema mdogo wake, akichonga mpini.

Balozi akajaribu namba tatu. "Tumkumbuke baba kidogo. Unamkumbuka kwa lipi?"

"Alikuwa mkali. Wewe je?"

Balozi akaanza kuchora chini kwa fimbo yake. Jua lilikuwa limehama kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine. Mdogo wake ndiye aliyesogea kwanza.

"Dada, kama umekuja kwa habari ya shamba, wewe ulipewa nchi nzima."

"Niliirudisha," akasema. "Na gari lake."

Mzee alitabasamu kwenye ndevu, lakini mikono haikuacha kuchonga. Ndipo Balozi alipovua miwani. Aliiacha ining'inie kwa kamba yake, akaweka mikono mapajani, na alipoongea sauti haikuwa ile ya vikaoni. Ilikuwa nyembamba, ya mtu mdogo.

"Nataka shamba la baba," akasema. "Mimi ni mtoto wake. Nililima pale kabla wewe hujajua kushika jembe, nikakulinda kivulini usiliwe na siafu. Mlipogawana hamkunitaja. Sihitaji mahindi yake. Nataka pawepo mahali nikiulizwa kwetu ni wapi, nioneshe kwa kidole."

Mpini ulisimama mikononi mwa mzee.  Nikafikiri anakasirika, nikaanza kupapasa funguo za gari.

"Ungesema hivyo ulipofika," akasema hatimaye, "saa hizi tungekuwa tumeshakula."

"Si ulisema umeshakula?"

"Nilikuwa najadiliana."

Walitazamana, nyuso zile mbili zinazofanana, na mke wa mzee, aliyekuwa jikoni, akasikika akicheka kabla yao. Tulikula nyama yetu wenyewe. Katikati ya chakula mzee alisema vijana wake watauliza. Balozi akasema waulize, ila na yeye ana swali: hao binti zake watatu je? Mzee aliacha kutafuna.

"Dada, kwa leo nimetoa shamba moja."

"Sawa," akasema Balozi. "Nitarudi."

Jioni tulikwenda kuliona. Ni kipande chembamba kati ya mabua ya mtama na korongo, udongo mwekundu, miti miwili ya miiba. Si kizuri wala si kibaya. Mzee alionesha mipaka kwa fimbo, jiwe hadi jiwe, akashuhudiwa na jirani aliyekuwa akipita na punda, kisha akarudi kufunga ng'ombe. Balozi alitembea peke yake mpaka katikati, polepole, akilazimisha magoti yake. Nikamfuata nimshike mkono, maana kulikuwa na tuta.

Akageuka. "Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Nakuja huko."

"Huku ni kwa mtu."

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa amesimama wima kabisa, fimbo mbele yake, mikono miwili juu ya fimbo. Nikarudi mpaka njiani.

"Hodi," nikasema.

 Alivaa miwani, akaangalia vilima, akainama kwa shida akaokota kijiwe, akakirusha nje ya mpaka wake.

"Hodi," nikasema tena.

"Nani?"

"Jirani."

Akalifikiria hilo kwa kirefu, kama mtu mwenye wageni wengi na viti vichache.

"Karibu," akasema. "Ila vua viatu."

Nikavua.